Mwanangu alinitumia ujumbe wa sauti akiwa chumba cha pili

Ilikuwa Jumanne, saa 2:15 usiku. Nilikuwa nimesimama jikoni, mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili. Mchuzi wa dagaa ulikuwa unachemka. Kwenye kundi la WhatsApp la kazini bosi alikuwa ameuliza swali, na wenzangu walikuwa wanaandika kwa pamoja kila mmoja akitaka kuwahi.

Simu ikalia tena. Safari hii ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka namba ya dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Nikashangaa, maana dada nilimwona uani anaanua nguo. Nikabonyeza kusikiliza.

“Mama, ni mimi. Hii hesabu ya kutoa, juu kuna mbili chini kuna saba, sijui nafanyaje. Ukimaliza kuchati uje.”

Ni sekunde 11. Aliyekuwa anaongea ni binti yangu wa darasa la pili. Alikuwa chumbani kwake, hatua nane hivi kutoka pale nilipokuwa nimesimama, mlango ukiwa wazi.

Nilimfuata nikamwuliza kwa nini hakuniita tu. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na maana. “Nimekuita mara tatu. Dada akasema hunisikii, uko kwenye simu. Nikaona nikufuate huko huko.”

Hakusema kwa hasira wala kwa kulalamika, ndicho kilichoniumiza zaidi. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameona tatizo na akalitafutia njia. Mama hapatikani kwa sauti, lakini kwa simu anapatikana.

Saa mbili kwa siku

Mzazi mwenzangu, huenda unasoma hapa ukiwa kwenye daladala, au umekaa ukingoni mwa kitanda unasubiri maji ya kuoga yapate moto. Naomba tupige hesabu kidogo.

Mimi naishi Kinyerezi, ofisi yetu iko Posta. Natoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, binti yangu akiwa bado amelala. Dada ndiye anayemwamsha, anamwogesha na kumpandisha gari la shule. Kazi inaanza saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Siku barabara ikiwa nzuri nafika nyumbani saa 1:30 usiku. Mvua ikinyesha usiniulize.

Mtoto analala saa 3:30. Kwa hiyo tunabaki na saa mbili. Ndani ya saa hizo mbili kuna kupika, kula, kazi za shule, kumsikiliza alivyogombana na rafiki yake kwa ajili ya ufutio, kusali na kulala. Kwa siku tano za kazi ni saa kumi kwa wiki. Hizo ndizo nilizonazo za kumlea mtoto wangu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na nyingine zote anazo mwalimu, dada na televisheni.

Usiku ule nililala nikijiuliza, katika hizo saa kumi, ngapi anazipata yeye kweli?

Simu imenisaidia, nisiseme uongo

Wako wanaopenda kusema simu zimeharibu familia, kana kwamba kabla ya simu wazazi wote walikuwa wanakaa mkekani wakiwasimulia watoto hadithi. Nami nimesikia mahubiri hayo, mengine nikiwa nayasikiliza kwenye simu.

Ukweli ni kwamba bila simu mimi nisingeweza kufanya kazi Posta na kuendesha nyumba Kinyerezi. Umeme ukiisha saa 6 mchana dada ananipigia, nanunua LUKU nikiwa kwenye kiti changu cha ofisini, namtumia zile tarakimu 20, anaziingiza, friji linaendelea. Nilipoanza maisha ilikuwa lazima mtu atoke aende kwa wakala akapange foleni, na akirudi amekosea tarakimu moja anarudi tena. Ada ya shule nalipa kwa simu. Zamani nilikuwa naomba ruhusa nusu siku kwenda benki, halafu napeleka stakabadhi shuleni. Kitoweo kikiisha natuma pesa, dada anakwenda genge la pale jirani. Mtoto akipata homa, dada anapima, anapiga picha kipimajoto, ananitumia. Mwaka juzi picha ya namna hiyo ndiyo iliyonifanya nikimbie nyumbani saa 5 asubuhi, ikawa malaria tuliyoiwahi.

Ukijumlisha foleni ambazo sipangi tena, simu inanirudishia saa kadhaa kila wiki. Swali langu ni hili: hizo saa ziko wapi? Mbona hazikuingia nyumbani?

Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha nguo. Jioni king'ora kikilia, mashine ilikuwa inabaki kiwandani na yeye anatoka getini mikono mitupu. Hakuna meneja aliyeweza kumfuata nyumbani kumwuliza habari za nyuzi, kwa sababu hatukuwa na simu, na hata aliyekuwa nayo ya mezani hakupigiwa usiku ila kwa msiba. Sitaki kumpaka rangi nzuri kuliko alivyokuwa. Alikuwa anapitia kwenye bao kwanza, na akifika, saa 2 usiku Radio Tanzania ikianza taarifa ya habari, mtoto aliyethubutu kukohoa alitolewa nje. Nasi tulikuwa na mashine iliyochukua masikio ya baba. Tofauti ni kwamba taarifa ya habari ilikuwa inakwisha.

Kundi la kazi

Kundi letu la kazini lilianzishwa kwa nia njema kabisa, kupeana taarifa za vikao na misiba. Hakuna siku mtu alikaa akaamua kwamba kuanzia sasa tutafanya kazi hadi saa 4 usiku. Ilikuja taratibu. Kwanza bosi aliuliza kitu kidogo jioni moja, mtu akajibu. Kesho yake akauliza kingine, watatu wakajibu. Baada ya miezi kadhaa aliyekaa kimya ndiye alionekana ana tatizo.

Halafu kuna zile tiki mbili za bluu ambazo WhatsApp iliziweka mwaka 2014. Kabla ya hapo uliweza kusema hukuuona ujumbe. Sasa bosi anaona umesoma saa 2:40 na hukujibu, na wewe unajua kwamba ameona. Wapo wanaozizima. Mimi nilizizima wiki moja, mwenzangu mmoja akaniuliza mbele za watu ninaficha nini.

Watu wengi kwenye kundi hilo hawajibu kazi. Wanajibu “Sawa bosi”, “Imepokelewa”, na vidole gumba vinne. Ni kama kuandikisha mahudhurio. Lakini ili uandike hilo “Sawa bosi” lazima uache mwiko, ufute mkono, ufungue simu, usome jumbe 17 ujue kinachoendelea ni nini. Na mtoto aliyekuwa katikati ya sentensi anaachwa hapo hapo.

Baada ya ule ujumbe wa sauti niliamua kuandika. Nikachukua daftari la zamani la binti yangu, na kwa wiki moja, kila niliposhika simu kati ya kufika nyumbani na mtoto kulala, nikaweka alama na sababu. Nilitarajia kumkamata bosi wangu na ushahidi mkononi.

Ijumaa nilihesabu alama 93. Za kazi zilikuwa 28.

Nilirudia kuhesabu. Zilizobaki zilikuwa zangu mwenyewe. Kulikuwa na kundi la kikoba. Kulikuwa na kundi la wazazi wa darasa la pili, ambalo mama mmoja akiuliza kesho watoto wanavaa nini, watu 30 wanajibu. Na kulikuwa na kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Wenye kuzijua kamati wanaelewa. Kila anayetoa ahadi ananakili orodha yote upya na kuongeza jina lake chini, kwa hiyo simu inalia mara 60 na kila mara ni orodha ile ile, na bado unaifungua kuona nani katoa kiasi gani. Hapo hatujafika kwenye kuperuzi tu, yaani kufungua simu bila kuitwa na mtu, kuangalia nguo ambazo hutanunua. Alama za kuperuzi zilikuwa 22. Niliandika kwa aibu, lakini niliandika.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nyingi zilidumu dakika moja au chini yake. Ukijumlisha zote hazifiki muda wa kutisha. Kumbe mtoto hakunyimwa saa nzima kwa mpigo. Alikuwa anapewa saa iliyokatwakatwa, dakika nne hapa, dakika tatu pale, na katikati macho ya mama yanaondoka.

Anachokiona mtoto

Hilo la macho wataalamu walilichunguza kabla simu za mkononi hazijaenea. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache wawaangalie bila kubadili uso, bila kucheka wala kujibu. Mtoto anaanza kwa kutabasamu. Akiona uso haujibu, ananyoosha mkono, anapiga kelele, anajaribu kila analolijua. Mwishoni anageuza kichwa pembeni au analia. Mama yupo, hajaondoka hata hatua moja, lakini kwa mtoto ni kama ameondoka. Kisha mama anaruhusiwa kurudi kucheza. Wengi wa watoto hao wanarudi naye, ingawa si papo hapo, wengine wananung'unika kwanza.

Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na daktari wa watoto Jenny Radesky walikaa kwenye migahawa ya chakula cha haraka jijini Boston wakawatazama watu wazima 55 waliokuja kula na watoto. Kati yao 40 walitumia simu au kifaa kingine wakati wa mlo. Baadhi ya watoto waliachwa wakaamua kujichezea. Wengine walizidisha vituko ili watazamwe, na mzazi aliyezama kwenye skrini mara nyingine alijibu kwa ukali.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka mara ngapi nimemfokea binti yangu “Subiri basi!” kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, na alikuwa anataka kunionyesha jino linalolegea. Bosi alikuwa amenikasirisha, aliyefokewa ni mwenye jino.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na wa chini ya mwaka mmoja asikae kabisa. Wazazi tunaupenda mwongozo huo, tunautumiana kwenye makundi. Unahusu skrini ya mtoto. Ya mama hakuna anayeipimia.

Kwa wengine simu ndiyo kazi

Mume wangu alipoona daftari alicheka, akasema nimpe na yeye aandike. Akaandika siku moja akaacha. Yeye anaendesha gari la abiria wanaoita kwa programu ya simu. Kwake hakuna kazi upande mmoja na simu upande mwingine. Simu imebandikwa kwenye dashibodi, na ikilia ana sekunde chache za kukubali, la sivyo safari inakwenda kwa mwingine.

Jioni ndiyo saa ya watu kurudi makwao, na kwa dereva wa programu ndiyo saa ya mavuno, nauli inapanda. Saa zile mbili ninazozililia mimi ndizo saa zake bora za kutafuta riziki. Anaweza kuzima wakati wowote, hakuna bosi wa kumwandikia barua, ndivyo wanavyowaambia wanapowasajili. Lakini akizima saa 1 usiku siku tano, mwisho wa wiki hesabu ya mafuta na rejesho la gari haitimii. Uhuru wa namna hiyo una mwenyewe.

Kwa hiyo amejipangia Jumapili. Simu inang'olewa kwenye dashibodi kuanzia tukitoka kanisani. Siku nyingine anampigia mtoto saa 3 usiku kumtakia usiku mwema akiwa ameegesha mahali anasubiri abiria. Wakati mwingine wanaongea dakika kumi, wakati mwingine mtoto anaanza kusimulia na baba anasema, “Mwanangu, abiria huyo.”

Nina mdogo wangu yuko Muscat, mwaka wa tatu sasa, anafanya kazi za ndani. Mtoto wake wa miaka sita anaishi na mama yetu Tanga. Mambo yangu ya kuficha simu kabatini kwake ni kejeli, maana yeye nje ya simu hana mtoto. Jioni bibi anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, mtoto anakula, mama yake anamtazama akila. Hawasemi mengi. Anamwambia futa mdomo, maliza mboga, shikamoo umemwamkia bibi? Mtandao ukiganda, uso wa mama unabaki umeganda mdomo wazi na mtoto anaendelea kula akisubiri urudi. Mdogo wangu anatumia sehemu kubwa ya bando lake hapo na anasema hata mwajiri akimkatia mshahara hicho hatakipunguza.

Nimewahi kumsikia mtoto huyo akimwuliza bibi, “Mama ana chaji leo?” Maana yake ni, mama yupo?

Sheria inasemaje

Wengi tunadhani muda wa jioni ni hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema vingine. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku, wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki nne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho mfanyakazi anastahili mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo, isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi katika mazingira maalumu. Kila wiki kuna angalau saa 24 za mapumziko. Masharti hayo ya saa hayawahusu viongozi wa juu wanaosimamia wengine.

Mimi natoka saa 11 jioni. Kwa hesabu ya saa 12, kazi isingenigusa hadi saa 11 alfajiri. Lakini sheria hiyo ni ya 2004 na WhatsApp ilianza 2009. Walioiandika walikuwa wanafikiria mtu aliyesimama kwenye mashine au kukaa kwenye dawati. “Sawa bosi” ya saa 3 usiku ni kazi ya ziada? Utaidaije? Kwa kidole gumba shilingi ngapi?

Nchi nyingine zimeanza kulijibu hilo. Ufaransa tangu Januari 1, 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Ureno mwaka 2021 ilimzuia mwajiri kumsumbua mfanyakazi katika muda wake wa mapumziko, ila kwa dharura isiyozuilika. Australia ilianza Agosti 2024. Karibu nasi, nchini Kenya, muswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira wenye haki hiyo uliwasilishwa Seneti mwaka 2022 na Seneta Samson Cherargei, na waajiri wakaupinga.

Sheria peke yake sidhani ingenifuta zile alama 65 ambazo bosi hakuhusika nazo.

Nilikwenda kwa bosi

Nilijipa wiki mbili za kujikaza, kisha nikaomba kuonana naye. Nilikwenda na ombi moja: jambo la dharura apige simu, nitapokea hata saa 6 usiku. Likiwa ni ujumbe kwenye kundi baada ya saa 12 jioni, nihesabu ni la kesho.

Nilitegemea ugomvi. Alikaa kimya kidogo, akaniambia anaandika usiku ili asisahau, kwa sababu mchana anakuwa kwenye vikao, na hakuwahi kutaka tujibu papo hapo. Akasema yeye mwenyewe anapokea jumbe za wakubwa wake saa 5 usiku. Ana watoto watatu. Akafungua simu akanionyesha, kama mtu anayeonyesha kidonda.

Tangu siku hiyo jumbe zake za usiku zinaanza na neno “Ya kesho”. Ni neno dogo, na limesaidia. Ila wenzangu wawili bado wanajibu saa ile ile, “Sawa bosi”, na asubuhi mimi ndiye ninayeonekana nimechelewa.

Na gharama ipo, nisiwadanganye. Mwezi uliofuata ilitokea safari ya kikazi ya siku nne Mwanza. Bosi aliuliza kwenye kundi saa 2:40 usiku nani yuko tayari. Simu yangu ilikuwa juu ya friji. Nilipoiona saa 3:45 nafasi zote mbili zilikuwa zimejaa. Posho ya siku nne ingelipa karibu ada ya muhula mzima. Sikulia, lakini nilikaa jikoni gizani muda mrefu. Mume wangu alirudi akanikuta hapo, nikamweleza. Hakunipa pole wala hakunilaumu. Aliuliza tu, “Saa mbili na dakika arobaini mlikuwa mnafanya nini?” Nikafikiri. Tulikuwa tunasuka nywele, kesho yake kulikuwa na picha za shule.

Bado sijui kama nilifanya biashara nzuri. Kuna siku naona ndiyo. Siku ada inapodaiwa naona hapana.

Juu ya friji

Utaratibu wetu ni rahisi na hatuufuati vizuri. Nikifika napiga simu mbili za lazima, naangalia kundi mara moja nikiwa bado mlangoni na viatu, kisha simu inakwenda juu ya friji, mlio wa kupigiwa ukiwa juu na mingine yote imezimwa. Inashuka mtoto akilala. Kundi la harusi nimelinyamazisha, mchango nimetoa. Kundi la wazazi nalifungua mara moja usiku. Dada naye aliniuliza kama simu yake ipande juu. Nikamwambia hapana, maana yeye kazi yake ilianza alfajiri na jioni ni saa yake ya kuongea na mama yake Singida. Hilo nalo nilikuwa sijalifikiria hadi alipouliza.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Nilikuwa naenda kwenye friji kutafuta maji ambayo sina kiu nayo. Binti yangu ndiye askari, na ni askari mkali. Ananifuata, ananyoosha kidole bila kusema neno. Mwisho wa mwezi, wakati wa kufunga hesabu ofisini, nikavunja utaratibu siku nne mfululizo, na siku ya tano akaniletea simu mwenyewe kutoka juu ya friji, kapanda kwenye kiti. “Chukua tu, mama.” Hapo ndipo nilipoirudisha.

Wiki iliyopita, Alhamisi, tulikuwa mezani na daftari la hesabu. Kutoa amekwisha kuelewa, sasa wako kwenye kuzidisha. Tulikuwa tumefika swali la sita. Simu ikaita juu ya friji, mlio wa kupigiwa.

“Inaita,” akasema.

Alikuwa bosi, na alikuwa amepiga, hakuandika. Malipo ya wasambazaji yalikuwa yamekwama na benki ilihitaji maelezo yangu usiku ule. Nilisimama pale jikoni nikaeleza, nikasikia anaandika upande wa pili, akashukuru. Zilikwenda dakika tisa.

Niliporudi binti yangu alikuwa bado amekaa pale pale, penseli mkononi, amechora maua madogo pembeni ya daftari, manne. Swali la sita hakuligusa.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Haya,” akasema, akasogeza kiti chake. “Nane mara saba.”